Wageni Wenye Waliingia mu Ordinatere Yetu

Ordinatere yetu ya nyumbani, ile masini wengine wanaita kompyuta, ilitoka Salamabila, kwenye machimbo ya zahabu. Huko njo nilikuwa napeleka muchele na mafuta ya mawese juu ya piki, na kurudi na kitu chochote chenye mutu wa zahabu amechoka nacho. Mumoja alikuwa amechoka na ordinatere. Alisema tangu siku aliinunua, zahabu ilimukimbia kama mbuzi imeona kisu. Nikamupa mafuta, akanipa masini, kila mutu akafikiri amemupata mwenzake.

Ilikuwa nzito, wallahi. Kwenye mulima wa kwanza piki ilisimama, ikanigeuzia taa, ikanitazama. Kabla ya kufika Wamaza matope ilikuwa imenifunika mpaka watu wa barabarani walikuwa wanasalimia kofia yangu peke yake. Lakini masini ilifika kwetu Kasongo kavu, imelala ndani ya blanketi na ndani ya kanzu yangu ya Ijumaa.

Usiniulize naitumikisha namna gani. Me sikusoma. Shule nilikuwa napita mbele yake kila siku nikiuza karanga, na nasema kweli, karanga zangu zilisoma kuliko me, maana zenyewe ziliingia mu darasa. Ordinatere niliichukua kwa ajili ya binti yangu mukubwa. Alikuwa anamaliza masomo kwenye enstitu, chuo cha hapa mujini, na ilibaki aandike ile kazi ya mwisho wanaita TFC. Alikuwa anaandika juu ya wanawake wa Nyangwe, namna wanakausha samaki. Alienda kwao mu mvua, akakaa nao kwenye moshi, akarudi ananuka samaki mpaka paka za mutaa wote zikamusindikiza nyumbani.

Nikafunga pano ya jua juu ya nyumba, tukapata moto wa umeme wa kutosha, na hapo njo mambo ilianza. Kwetu, mutu mwenye iko na ordinatere na pano ni kama mutu mwenye amechimba kisima. Watu walikuja wa karibu, wakaja wa mbali, kila mumoja na flashi yake ndogo, mwingine ameifunga kwenye ufunguo, mwingine kwenye shingo kama hirizi. Wanataka miziki. Wanataka filimu. Wanataka video ya ndoa ya mutoto wa shangazi. Na flashi kwetu ni kama sahani: jirani akikuletea sahani, hauirudishe bila kitu. Hakuna mwenye tulimuambia hapana.

Na masini yenyewe ilikuwa inauliza maulizo. Mutu anatafuta muziki kwa koneksio ya telefoni, kadirisha kanatokea, kwa Kifaransa ya adabu sana: unaruhusu? unakubali? Na watoto wa nyumba, na wageni, na me mwenyewe nikiwa karibu, tulikuwa tunafinya butoni ya kukubali. Sasa, mugeni amesimama kwenye mulango, anaomba ruhusa muzuri hivi, wewe utamufungia mulango kwenye pua? Kwetu hapana.

Kumbe tulikuwa tunaingiza kabila nzima.

Kwanza ilikuja gurudumu ya rangi, inazunguka, inalia kama ngoma, inasema hongera, umeshinda telefoni mupya! Muke wangu alishinda telefoni nyingi ile wiki kuliko zile ziko mu soko ya Kasongo. Hakuna hata moja ilifika. Kisha ikaja michezo ya kubahatisha. Kisha wakaja wanawake.

Siku hiyo mwalimu wa madrasa alikuwa kwetu, mutu mupole, amekuja kuangalia video ya ndoa ya mutoto wake mwenye aliolea mbali. Amekaa muzuri, chai iko mbele yake. Bibi harusi anaingia, na hapo pembeni ya kioo anatokea mwanamuke mwingine, amevaa kitambaa chenye hakitoshi kupangusa pua ya mutoto. Mwalimu akavua kofia yake, akamufunika. Mwingine akatokea chini. Mwalimu akamufunika na kikombe. Wa tatu akatokea katikati, anacheka.

Mwalimu akageuka pole-pole.

"Ndugu, huyu ni nani?"

"Mwalimu, sijue. Anakuyaga peke yake."

"Anakuyaga?" akasema. "Na muke wako anajua?"

Muke wangu alikuwa nyuma yake na sahani ya andazi. "Anajua, mwalimu," akasema. "Huyu wa chini njo mukubwa wao."

Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwangikia. Lakini alienda bila kuona bibi harusi, na hiyo iliniumiza.

Sasa masini ikaanza kuchoka. Mega za telefoni, zile tunanunua za internete, zilikuwa zinaisha kama muchele mu nyumba ya matanga. Unaweka asubuhi, saa sita hakuna. Na kufunguka? Ulikuwa unafinya butoni, unaenda shamba, unapalilia, unarudi na muhogo, unaikuta bado inazunguka kaduara kake. Chini ilikuwa inatoa moto mwingi mpaka nikamuambia muke wangu aweke sufuria juu, tusave makala ya kupikia. Hakupenda.

Tukatafuta dawa. Na hapa lazima niwaambie namna sisi tunatibu ugonjwa. Mutu wetu akigonjwa, tunamupeleka hospitali, na huku shangazi anachemsha majani, na huku mwalimu anasoma dua juu ya maji ya kunywa. Ugonjwa tunaupigia pande zote, usipate mahali pa kukimbilia. Basi masini nayo tukaifanyia vile vile. Antivirusi ya kwanza ilitoka kwa jirani. Ya pili niliipata kwa mutu mumoja mu soko, aliapa kwa mama yake. Ya tatu ilikuja yenyewe, kwa huruma yake, na kioo chote chekundu: ordinatere yako iko karibu kufa, finya hapa! Tukafinya.

Ehe! Ya kwanza ilimukamata ya pili, ikasema ni mwizi. Ya pili ikamukamata ya kwanza, ikasema mwizi ni wewe. Zilikuwa zinakamatana mchana kutwa kama mabibi wawili wa mwanaume mumoja, na ile ya tatu imekaa pembeni inakula mega zetu na inaomba tulipe.

Ilikuwa vile mpaka Ijumaa moja. Nimetoka kuoga, najitengeneza kwenda musikitini, binti yangu akasimama kwenye mulango wa chumba. Huyu mutoto akianguka analia, akicheka unamusikia mpaka ngambo ya mutaa. Siku hiyo aliongea chini.

"Baba, kazi yangu haiko."

"Haiko namna gani?"

"Haiko. Kila kitu kimekuwa mishale."

Nikaenda kuona. Kweli. Mahali pa makartasi yake yote palikuwa na tupicha tudogo, kila kamoja na kamushale, na ukifinya, hakuna kitu kinatoka, kioo kinafumba na kufumbua jicho tu. Na direktere, mwalimu mwenye anaongoza kazi yake, alikuwa amemupa masahihisho, aingize yote, aweke kazi kwenye enstitu Jumatatu. Mwenye hataweka Jumatatu anangojea mwaka mwingine. Wanawake wa Nyangwe, ule moshi wote, ile mvua yote, ilikuwa mu masini ile na hakuna mahali pengine. Kwenye flashi yake ya kuwekea akiba aliangalia pia: mishale.

Hata mzaha ulinikataa. Niliswali siku hiyo nikasahau niko rakaa gani, nikafuata tu mugongo wa mutu wa mbele.

Nikitoka musikitini nikapita kwa shemeji yangu, mudogo wa muke wangu. Yeye iko na kibanda mu soko, anapiga fotokopi, anachaji telefoni, alisomea mambo ya ordinatere Kindu. Na kwa sababu ni shemeji, haongee na mimi bila kunichokoza. Aliingia nyumbani, akaangalia kioo, akapiga mikono.

"Dada, tulikupatia mwanaume, kumbe tulikupatia mufugaji. Angalia mifugo! Hii ni zizi."

"Fanya kazi," nikasema, "mushahara wako ni bugali na sombe."

"Kazi ni moja. Tunaformate."

Lazima mujue, mu muji wetu kuformate njo dawa ya kila kitu. Masini ikikohoa, formate. Ikisahau saa, formate. Nafikiri kuna fundi mwenye alishaformate redio.

Binti yangu akauliza: "Mujomba, ukiformate, kazi yangu itaenda wapi?"

"Itaenda na wengine, mama. Masini inabaki safi kama siku ilizaliwa."

Mutoto aliikamata ordinatere, akaifunga, akaiweka kwenye mapaja, akaifunika na kitenge kama mutoto wa kunyonya. Na ilikuwa na moto, nawaambia, mayai ingeiva.

"Ukiformate hii," akasema, "uniformate na mimi."

Muke wangu akatoka jikoni na mwiko mu mukono. "Mudogo wangu. Panya zikiingia mu nyumba yako, wewe unachoma nyumba?"

"Kuna nyumba zenye tunachoma, dada."

"Basi utaenda kula kwa wenye wanachomewa. Sombe yangu ni ya wenye wanatoa panya."

Shemeji akaangalia sufuria. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa na karanga, na harufu yake ilikuwa imeshafika Kabambare. Akakaa chini.

Sasa nitaeleza yenye niliona, kwa macho ya mutu wa karanga. Kwanza alikata koneksio. Akazima ile ya telefoni, akaiweka telefoni mbali juu ya kabati. "Hawa wanaitana," akasema. "Tukimutoa mumoja, anaita ndugu zake kwa telefoni." Kisha akaizima masini, akaiamsha namna ingine, nusu-nusu: kioo kikatoka kibaya, maandiko makubwa-makubwa, hakuna rangi. Alisema vile mwenye nyumba anaamka na wageni wanabaki kulala. Ni njia nzuri. Nilitamani kuwa nayo siku za ndoa.

Kisha akafungua mahali pameandikwa wote wenye wanaishi ndani, akawapanga kwa siku waliingia. Akaanza kuwauliza kama chefu wa kartie mwenye anahesabu watu wa mutaa wake: wewe ni nani? ulikuja lini? nani alikuita? Mwenye alijulikana akabaki. Mwenye hakujulikana, akatolewa. Na sasa wageni wakaanza kulia! Wallahi, kila mumoja akifukuzwa anatoa kadirisha: una hakika? utaniacha kweli? Na butoni kubwa ya kijani inasema nibaki, na ile ya kuondoka wameiandika kadogo, rangi ya majivu, kwenye kona. Shemeji alikuwa na haraka, akataka kufinya ya kijani.

"Mujomba, hapana!" binti akasema. "Soma ka chini."

Kutoka pale yeye njo akawa anasoma, mujomba anafinya. Antivirusi ile ilikuja yenyewe ilitolewa ikipiga kelele. Kati ya zile mbili zingine, shemeji alitoa moja, akabakisha moja. "Jikoni mupishi ni mumoja," akasema, na muke wangu akasema umeona sasa umeanza kuwa na akili.

Kisha akaingia mu ile programu ya kutafutia mambo kwa internete. Humo mulikuwa na tuvitu tumejibandika kama kupe kwenye sikio la mbwa. Akatoa kamoja kamoja. Akakuta na majina ya wote wenye tuliwaruhusu kutuletea habari kila saa. Ilikuwa orodha ndefu. Aliniangalia.

"Shemeji, kuna mutu mumoja mu dunia hii ulishamunyima ruhusa?"

"Wewe," nikasema, "lakini dada yako alishakufungulia."

Akaizima, akaiamsha kawaida. Tukangojea. Masini ikafunguka mbio, kaduara hakakuzunguka hata kidogo. Nikasimama kupiga vigelegele. Na hapo, tii! Gurudumu. Hongera, umeshinda telefoni.

Binti akaweka mukono kwenye mudomo.

Shemeji alikuna kichwa muda murefu. Kisha akafungua mahali pa saa, pale masini inapanga kazi zake za kila siku, akacheka peke yake. Mwenye gurudumu alikuwa ameacha mutu wa kumuamsha: kila masini ikiwaka, mutu huyo anaenda kumuita tena. Akamutoa muamshaji, akamutoa na muamshwa. Akazima, akawasha. Tukaangalia kioo mpaka macho ikatoka machozi. Kimya. Mu kioo mulikuwa tu ile picha ya majani yenye ilikuja na masini kutoka Salamabila. Nilikuwa sijaona majani mazuri kama yale.

"Na kazi yangu?" binti akauliza.

"Ngoja. Hii virusi ya mishale haiue. Inaficha. Inafunika kitu chako na shuka, inaweka kivuli chake mahali pake. Ungefinya kivuli mpaka kesho." Akaingia ndani, akaweka alama mahali pa kuonyesha vitu vyenye vimefichwa. Na pole-pole, kama watu wanatoka mu ukungu wa asubuhi ku mto, makartasi ikaanza kutokea, nyeupe-nyeupe, hafifu. Binti akainama mpaka pua yake ikagusa kioo. Akafinya. Ikafunguka.

Aliangalia ukurasa wa kwanza. Kisha akaenda jikoni, akarudi na sahani ya mujomba wake, bugali mulima, sombe ziwa, na samaki juu. Shemeji alikula mpaka kiti kikaomba musaada.

Kabla ya kwenda, akanawa mikono, akasema: "Sikia. Yenye nilitoa iliingia na flashi za watu. Nimesafisha flashi ya mutoto. Lakini mpaka Jumatatu, asiingie mwingine. Hata flashi ya imamu. Ikiingia moja yenye ugonjwa, tunarudi kwenye mishale, na labda hapo haitaficha tena, itakula."

Tukasema ndiyo. Ni rahisi kusema ndiyo Ijumaa.

Jumamosi, binti amekaa anaingiza masahihisho, piki ikasimama inje. Kaka yangu mukubwa, anatoka Kabambare. Baba yetu alikufa nikiwa mudogo, na huyu njo alinikomalisha, njo alinioza. Mu maisha yangu yote sikumunyima kitu. Hata akisema mvua ni kavu, navaa viatu. Na kwenye shingo yake, imefungwa na kamba nyekundu, flashi.

"Mudogo wangu!" akasema. "Nina ndoa ya mutoto wa jirani, nataka miziki. Wachimbaji wa Salamabila wameniwekea mizuri, na wewe uongeze yako. Ordinatere iko wapi?"

Nilisikia jasho linashuka mpaka kwenye kisigino. Binti yangu aliacha kuandika. Aliniangalia. Nikaanza kuongea na kaka juu ya barabara. Nikauliza bei ya mafuta. Nikauliza mbuzi zake, moja moja.

"Mbuzi ni wazima," akasema, na akafungua kamba shingoni. "Ordinatere, mudogo wangu."

"Kaka," nikasema. "Iko. Lakini..." Nimeshadanganya watu wa kila soko, lakini huyu alinifundisha kutembea.

Muke wangu njo aliingia. Alikuwa na beseni na birika, kama kila siku mugeni akifika wakati wa chakula. Akapiga magoti, akamumwangia kaka maji ku mikono, akamupa kitambaa. Kisha akanyoosha mukono wake.

"Na huyu naye, kaka?"

"Nani?"

"Huyu wa shingoni. Ametoka barabarani, ameshikana na mikono ya Salamabila yote. Kwetu hakuna mwenye anakula bila kunawa."

Kaka akaangalia flashi. Akaangalia maji. "Utaitia mu beseni?"

"Hapana. Yake ya kunawia iko kwa mudogo wangu, mu soko. Ikirudi safi, itakula na wengine. Lakini itakula Jumatatu, mutoto akishaweka kazi yake ya shule. Sasa yeye njo iko kwenye sahani."

Nikangojea. Mukubwa akikataliwa mu nyumba ya mudogo wake, hiyo ni neno lenye linaweza kutembea mu ukoo mpaka wajukuu. Kaka akamugeukia binti.

"Ni kweli, mama? Kitu changu kinaweza kuharibu kazi yako?"

"Ni kweli, baba mukubwa. Jana nilikuwa nimeipoteza yote."

Akatikisa kichwa. "Basi me mwenyewe sikai karibu nayo. Isije ikawa na mimi niko nayo ku shati." Na akahamisha kiti chake mpaka inje kwenye baraza, akakula huko, na sisi tukamufuata na sahani zetu. Kisha akaenda mu soko na flashi yake. Alirudi anapima shingo na mukono.

"Shemeji yako ametoa humo ndani vitu," akaniambia, "mpaka kamba imekuwa nyepesi. Kumbe hii shingo haikuwa inaniuma juu ya uzee."

Kaka alilala kwetu mpaka Jumatatu kungojea ile miziki. Na tangu siku hiyo, mwenye anakuja kwetu na flashi anaambiwa neno lile lile, na hakuna mwenye alikasirika. Kunawa kila mutu anajua.

Jumatatu nilimubeba binti ku piki mpaka enstitu. Sekretere alikuwa muzee wa miwani, akakamata flashi na vidole viwili kama mutu anashika panya ku mukia.

"Hii inatoka wapi?"

"Nyumbani, papa."

"Nyumbani wapi? Flashi za wanafunzi zimeniulia masini wiki iliyoisha."

"Imetoka kunawa," nikasema kwenye dirisha. Binti akanifinya na kiko cha mukono.

Akaiingiza. Antivirusi yake ikaipima, ikaipima, me nikasoma dua zote niliwahi kusikia na ingine nilitunga hapo hapo. Kisha kazi ikafunguka. Muzee akashusha miwani, akapanda kurasa, akashuka.

"Iko safi," akasema. "Kazi yako imeingia. Mwingine!"

Binti alitoka, akapanda nyuma yangu. Nikamuuliza: sasa humo ndani, mwishoni, uliandika nini? Me sitaisoma, unajua. Akaanza kunielezea kwenye sikio langu, kutoka mwanzo: namna wanawake wa Nyangwe wanapasua samaki, kuni gani wanachagua, moshi gani wanakataa, na kwa nini samaki wa mvua wanaoza kabla ya wa jua. Nikaendesha pole-pole. Bibi kizee mumoja mwenye fimbo alitupita. Kobe angetupita. Nilikuwa sitaki tufike kabla hajamaliza.